Ukurasa wa kuingilia wa waifai ya wageni hautokezi kwenye simu (maktaba ya jumuiya, Chake Chake)

MkutubiChake ameuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Nasimamia maktaba ndogo ya jumuiya hapa Chake Chake, Pemba. Wanaokuja kwetu ni watu wa kila namna: wanafunzi wa sekondari wanaotafuta mitihani iliyopita, vijana wanaojaza fomu za maombi ya vyuo na mikopo, wazee wanaotaka kuonana kwa video na watoto wao walioko Maskati, na wasafiri wanaopita kuelekea Mkoani au Wete. Kamati yetu imeamua kwamba waifai iwe bure kwa kila anayeingia mlangoni, lakini iwe na utaratibu: mwanachama aingie kwa jina na nywila yake, na mgeni apewe mezani vocha ya saa mbili.

Vifaa tulivyo navyo ni ruta moja ya MikroTik, swichi moja na vituo vitatu vya waifai, kimoja chumba cha kusomea, kimoja ukumbini na kimoja uani. Laini yetu ni faiba ya megabiti 20 kwa sekunde. Kompyuta mbili za afisi pamoja na printa zimechomekwa kwenye swichi hiyo hiyo. Fundi aliyetufungia mtandao huu amehamia nje ya kisiwa kwa kazi, na aliacha ukurasa wa kuingilia ukiwa tayari, wenye nembo ya maktaba na maandishi mazuri.

Tatizo letu kubwa ni kwamba ukurasa huo hautokezi kwenye simu. Mwenye kompyuta ya Windows akijiunga, dirisha la kuingiza vocha linajifungua lenyewe bila ya shida. Mwenye iPhone anaoneshwa kuwa ameshaunganishwa, lakini akifungua tovuti yoyote hapati kitu. Mwenye Android anaambiwa kuwa muunganisho wake una mipaka, na hapo anakwama. Nikimwambia mgeni aandike 10.5.50.1 kwenye kivinjari, ukurasa unafunguka na vocha inakubali, kwa hivyo najua kwamba vocha zenyewe ni nzima. Wapo pia waliofungua tovuti ya benki kabla ya kuingiza vocha wakakuta onyo kubwa kwamba cheti cha tovuti si cha kuaminika. Onyo hilo limewatia watu khofu, na wengine hawataki tena kuitumia waifai yetu.

Nina mambo mengine mawili ambayo ningependa kushauriwa. La kwanza, wakati wa mchana kuna nyakati ambapo simu mpya haipati anwani kabisa, ingawa ukihesabu watu waliokaa ndani hawafiki hamsini. La pili, baadhi ya wajumbe wa kamati wanataka mgeni ajaze kwenye ukurasa jina kamili, namba ya simu na namba ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kabla ya kuruhusiwa. Moyo wangu haujaridhika na jambo hilo, ila nahitaji hoja za kuipelekea kamati. Nitashukuru kwa kila msaada.

FundiMalindi amejibu:

Wa alaykum salaam dada yangu. Umelieleza tatizo kwa namna inayorahisisha kulijibu, kwa sababu tofauti uliyoitaja kati ya Windows na simu ndiyo inayotupeleka moja kwa moja kwenye chanzo.

Simu au kompyuta haijui kwa uchawi kwamba imeingia kwenye mtandao wenye ukurasa wa kuingilia. Kila mtengenezaji ameweka utaratibu wa kupima. Mara tu kifaa kinapopata anwani ya IP, yaani namba ya kukitambulisha mtandaoni, kinatuma ombi dogo la HTTP, lisilo na usimbaji (lisilofichwa), kwenye anwani maalumu, kisha kinaangalia kilichorudi. Vifaa vya Apple vinauliza captive.apple.com na vinatarajia kupata neno moja tu la kuthibitisha. Android inauliza connectivitycheck.gstatic.com na inatarajia jibu tupu lenye namba 204. Windows inauliza www.msftconnecttest.com na inatarajia sentensi fupi inayoijua. Jibu likija kama linavyotarajiwa, kifaa kinaamini kwamba intaneti iko wazi na hakifungui dirisha lolote. Likija jibu jengine, yaani ruta imelidaka ombi na kurudisha ukurasa wake, hapo ndipo kifaa kinapotambua na kukufungulia dirisha la kuingia.

Sasa, kwenye ruta yenu kuna orodha ya anwani ambazo mgeni anaruhusiwa kuzifikia kabla hajaingia. Katika MikroTik utaikuta kwenye sehemu ya hotspot. Nakuomba uifungue kabla hujagusa kitu chengine chochote. Dalili zote ulizozitaja zinaelekea kwenye jambo moja: ndani ya orodha hiyo pana ruhusa ya apple.com na ya gstatic.com, tena zikiwa na alama ya nyota mbele, yaani kila jina linaloishia hivyo linapita. Ombi la iPhone linapita, linapata jibu linalolitaka, na simu inaridhika kwamba iko mtandaoni. Kwa Android ombi la HTTP linapita lakini simu hiyo hutuma pia ombi la pili la HTTPS, yaani lililosimbwa, linalokwenda google.com, nalo linazuiwa, na ndiyo maana simu inasema muunganisho una mipaka badala ya kukupeleka kwenye ukurasa. Windows haikuruhusiwa, kwa hivyo ombi lake linadakwa kama inavyotakiwa na dirisha linajifungua.

Kwa nini fundi aliyetangulia aziweke ruhusa hizo? Mara nyingi sababu ni njema kabisa. Ukurasa ulio na maandishi mazuri kwa kawaida unachukua herufi zake kutoka kwa Google, na faili za herufi hizo zinakaa fonts.gstatic.com. Bila ya ruhusa, ukurasa unachelewa kufunguka au unatoka na herufi za kawaida, basi mtu anaweka nyota gstatic.com, na bila ya kukusudia anaifungulia njia ile anwani ya kupimia. Na wapo wanaoiruhusu Apple makusudi, kwa sababu dirisha dogo linalofunguka kwenye iPhone ni finyu, halihifadhi mambo kama kivinjari cha kawaida, na hujifunga mtumiaji anapotoka kwenda kusoma ujumbe. Wanaona bora mtu afungue kivinjari mwenyewe. Rai yangu ni kwamba uamuzi huo haufai kwa maktaba. Mgeni wenu ni mwanafunzi au mzee, na dirisha linalojifungua lenyewe ndilo msaada mkubwa kuliko wote anaoweza kupewa.

Kwa hivyo zifute ruhusa hizo mbili. Zipakue faili za herufi na nembo, uzihifadhi ndani ya ruta yenyewe pamoja na ukurasa, ili ukurasa usitegemee chochote kilicho nje. Ukurasa wa kuingilia unaotaka intaneti ili ufunguke ni ukurasa uliojifungia mlango. Ufanye mwepesi: nembo ndogo, kisanduku kimoja cha vocha, kiungo cha wanachama, na maelezo mafupi kwa Kiswahili, kisha Kiingereza chini yake.

Kuhusu onyo la cheti, hilo linatokana na ruta kujaribu kuyadaka hata maombi ya HTTPS. Usimbaji wa HTTPS umetengenezwa makusudi ili mtu wa kati asiweze kujifanya benki. Ruta inapojibu kwa niaba ya benki haina cheti cha benki, na kivinjari kinafanya wajibu wake kwa kupiga kelele. Hakuna namna ya halali ya kulinyamazisha onyo hilo, na yeyote atakayekushauri kuwaambia wageni wabonyeze "endelea" anawafundisha watu tabia ambayo siku moja itawaunguza. Katika wasifu wa seva ya hotspot lipo chaguo la kuelekeza HTTPS, nalo huja likiwa limewashwa, lizime. Baada ya hapo, aliyefungua tovuti ya benki kabla ya kuingia ataona tu kwamba ukurasa haufunguki, wakati lile ombi la kupima linaendelea kufanya kazi yake pembeni.

Kuna kundi dogo la watu ambao hata baada ya haya watakwama: wenye VPN (njia ya faragha ya kupitishia mawasiliano) inayojiwasha yenyewe na wenye kuweka DNS ya faragha (huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani) kwa jina maalumu kwenye Android. Simu zao zinakataa kuzungumza na DNS ya ruta, na ukurasa unaweza usifunguke. Waambieni wazime kwa muda, waingie, kisha wawashe tena. Bandikeni pia mezani anwani ya ukurasa, kwani itamsaidia kila aliyekwama kwa sababu yoyote.

Unapojaribu, iambie simu iusahau mtandao huo kwanza, na uzime data ya laini. Bila ya hivyo simu inaweza kutumia data ya laini kimyakimya na wewe ukadhani waifai imepona.

MkutubiChake amejibu:

Allah akulipe kheri, kaka yangu. Nimeifungua orodha na nimezikuta zote mbili kama ulivyosema, ya Apple na ya gstatic, na ya gstatic ina nyota. Nimezifuta, nimehamishia herufi ndani ya ruta na nimezima kuelekeza HTTPS. iPhone na Android za wafanyakazi wenzangu zinafungua dirisha zenyewe sasa, na nimejaribu kufungua tovuti ya benki kabla ya kuingia, onyo halitokei tena.

Yamebaki yale mawili, la anwani na la fomu.

MwalimuWete amejibu:

Dada Mkutubi, nafundisha masomo ya kompyuta hapa Wete na jambo la anwani kuisha tumelizoea, kwa sababu skuli na maktaba zote zinafanana katika hili: watu wanaokaa ni wachache, lakini wanaopita ni wengi.

Mtandao wa 10.5.50.0 wenye kinyago cha /24 (alama inayoonesha ukubwa wa mtandao) una anwani 254, na moja imechukuliwa na ruta. Zinaonekana nyingi. Lakini simu yoyote iliyowahi kujiunga na waifai yenu hujiunga tena yenyewe kila inapopita karibu, hata kama mwenyewe yuko barabarani anaelekea sokoni na hana habari, na ikishajiunga inachukua anwani hata kama haikuingiza vocha. Ikiwa muda wa kushikilia anwani umewekwa siku nzima, simu hiyo inaondoka na anwani yake hadi kesho. Angalia muda huo kwenye seva ya DHCP ya wageni, yaani ile inayogawa anwani, uushushe hadi saa moja au nusu saa. Mara nyingi hilo peke yake linamaliza tatizo. Lisipolimaliza, panua mtandao uwe 10.5.48.0/22, ambao una anwani 1022, na ruta yako inaweza kubakia na 10.5.50.1 ile ile kwa kuwa imo ndani yake. Anza na kupunguza muda lakini, kwa sababu mtandao mpana zaidi unaongeza ujumbe wa kutangaza unaokwenda kwa kila kifaa na kula nafasi ya hewani.

Jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona zito kuliko yote, ni kompyuta za afisi na printa kuwa kwenye swichi moja na wageni. Watenganishe kwa VLAN, yaani mitandao tofauti ndani ya vifaa vile vile: moja ya afisi, moja ya wageni, na kwenye ruta weka kanuni kwamba wageni hawafiki kwenye mtandao wa afisi wala kwenye ukurasa wa kusimamia ruta. Kisha washa utengano wa wateja kwenye vituo vya waifai ili simu ya mgeni mmoja isiione simu ya mwengine. Watu wengi wanaishia hapo bila ya kujua kwamba utengano huo unafanya kazi ndani ya kituo kimoja tu. Aliye ukumbini anaweza bado kumfikia aliye uani kupitia swichi, kwa hivyo swichi nayo iwekewe utengano wa milango (matundu ya kuchomekea waya). Hakikisha swichi yenu ni ile inayoweza kupangwa, maana swichi za bei nafuu hazina uwezo huo.

Kuhusu vocha, amueni mapema kama saa mbili zinahesabiwa kwa matumizi au kwa saa ya ukutani. Mimi napendelea matumizi: mwanafunzi akitumia dakika arubaini akaenda kuswali au kula, vocha yake inamngojea. Weka kila vocha itumike kwenye kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Weka pia muda wa kukata aliyenyamaza, dakika kumi na tano hivi, la sivyo simu iliyo mfukoni itaendelea kuhesabiwa saa.

Herufi za vocha ziwe rahisi kusomeka kwenye karatasi. Ondoa I, L na O katika herufi, na sifuri na moja katika tarakimu. Zinabaki alama 31. Vocha ya alama sita inakupa michanganyiko inayozidi milioni 887, na hata mkiwa na vocha mia tano zilizo hai kwa pamoja, anayebahatisha ana nafasi moja katika zaidi ya milioni moja na laki saba kila anapojaribu. Hapana haja ya vocha ndefu inayomtoa mzee jasho.

Na megabiti 20 zigawe kwa haki. Watu arubaini wakiwa mtandaoni kwa pamoja, fungu la kila mmoja ni nusu megabiti, ambayo inatosha kusoma na kujaza fomu, lakini mmoja akianza kushusha filamu wengine wote wanasimama. Kumwekea kila mtu kikomo kigumu cha nusu megabiti nako ni kupoteza, kwa sababu asubuhi wanapokuwa watu watano laini itakaa bure. MikroTik ina aina ya foleni iitwayo PCQ inayogawa sawasawa kwa waliopo: wakiwa wachache kila mmoja anapata zaidi, wakizidi kila mmoja anapungukiwa kidogo. Tumia hiyo, na ukipenda uweke kikomo cha juu cha megabiti mbili au tatu kwa mtu.

WakiliShangani amejibu:

Nimesoma swali la fomu na ningependa kulijibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu kamati nyingi zinafikiria kwamba kuchukua taarifa nyingi ndiyo kuwa na tahadhari.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume iliyoundwa kuisimamia. Sheria hiyo inatumika pande zote mbili za Muungano, isipokuwa kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Hata pale ambapo mtu angeweza kubishana juu ya mipaka yake, misingi yake ni mizuri kufuatwa na taasisi yoyote: kusanya taarifa kwa lengo lililo wazi na halali, usichukue zaidi ya zinazohitajika kwa lengo hilo, zilinde, usizihifadhi kupita muda unaohitajika, na mwenye taarifa ajue unachukua nini na kwa nini. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa pia kujisajili kwa Tume.

Sasa ipimeni fomu inayopendekezwa kwa misingi hiyo. Lengo ni kumpa mtu saa mbili za intaneti. Namba ya kitambulisho inasaidia nini katika lengo hilo? Ruta haina njia ya kuihakiki. Mtu anaweza kuandika tarakimu zozote zikakubalika. Wanafunzi wengi wa sekondari hawajafikia umri wa kupewa kitambulisho. Msafiri kutoka Tanga au kutoka Italia hana Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Kwa hivyo fomu hiyo itamzuia mgeni mkweli, itampitisha mwongo, na mwisho wa yote maktaba itabaki na daftari la majina, simu na namba za vitambulisho, tena vingi vikiwa vya watoto wa watu, likikaa kwenye kompyuta ambayo, kama alivyosema Mwalimu, ilikuwa kwenye swichi moja na wageni. Likivuja daftari hilo, madhara yake hayarudishiki.

Najua hoja itakayoletwa: itakuwaje mtu akitumia mtandao wetu kufanya uhalifu? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawapa wachunguzi njia ya kudai taarifa kutoka kwa mwenye mtandao. Wakija kwa njia hiyo, kinachowasaidia ni kumbukumbu sahihi ya mambo machache: vocha gani ilitumika, kwenye kifaa chenye anwani gani ya MAC (namba ya kukitambulisha kifaa chenyewe), kilipewa IP gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Hayo ruta inayaandika yenyewe bila ya kumuuliza mgeni chochote. Amueni muda wa kuyahifadhi, muandike kwenye kanuni za maktaba, na muda ukifika yafutwe. Msirekodi tovuti ambazo watu wamezitembelea. Mtu anayesoma juu ya maradhi yake maktabani ana haki ya kusoma bila ya kuandikwa.

Na jambo la kufanya kabla ya kuutangaza mtandao huu kwa umma: someni mkataba wenu na kampuni inayowauzia intaneti mjue kama inaruhusu kuigawa kwa watu wengine, kisha mkaulize afisi ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) hapa Zanzibar kama huduma ya namna yenu inahitaji kibali. Pelekeni swali kwa maandishi na mpate jibu kwa maandishi.

MwenyeNyumbaMkoani amejibu:

Naongeza kwa ufupi, kwa kuwa nina nyumba ya wageni na mambo haya nakutana nayo kila siku.

Wapo wanaoshauri kumtumia mgeni namba ya siri kwa ujumbe wa simu. Msifuate njia hiyo. Kila ujumbe unalipiwa, mwenye laini ya nje mara nyingi haupati, na wa barua pepe ndiyo kabisa, kwa sababu mtu anatakiwa kusoma barua pepe ili apate intaneti ambayo bila yake hawezi kusoma barua pepe. Vocha ya karatasi mezani haijawahi kushindwa.

Umeme: Pemba tunapata umeme wa Gridi ya Taifa kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, na hali ni nzuri kuliko enzi za majenereta, lakini kukatika kupo. Vituo vyenu vya waifai vikiwa vinapata umeme kupitia waya wa mtandao, basi UPS (betri ya akiba) moja iliyofungwa kwa ruta, swichi na kifaa cha faiba inabeba mtandao wote. Tena ruta nyingi ndogo za MikroTik hazina betri ya saa. Umeme ukikatika na kurudi, saa ya ruta inaweza kuwa ya nyuma, na zile kumbukumbu alizozitaja Wakili zinakuwa na tarehe za uongo. Washeni NTP ichukue saa kutoka mtandaoni kila inapowaka.

Kuta: jengo likiwa la mawe na chokaa, mawimbi ya gigahezi 5 hayapenyi vyema, na kituo cha ukumbini hakitamhudumia aliye chumba cha pili. Kwenye gigahezi 2.4 vituo vitatu vipewe chaneli 1, 6 na 11, kila kimoja yake.

MkutubiChake amejibu:

Ahsanteni sana nyote. Muda wa anwani ulikuwa siku tatu. Nimeushusha hadi saa moja, na tokea hapo hakuna aliyekosa anwani. Hoja za Wakili nimezichapisha na nitazisoma mbele ya kamati kama zilivyo. Swichi yetu ni ya zile zisizopangika, kwa hivyo nitaomba fedha ya kununua nyengine kabla ya kutangaza huduma.

Limebaki swali moja. Mtandao wetu hauna nywila ya waifai. Uko wazi na ulinzi wote ni ule ukurasa. Je, hilo ni salama kwa wageni?

FundiMalindi amejibu:

Ni swali la msingi, dada. Ukurasa wa kuingilia unamzuia asiye na vocha, lakini hausimbi chochote kinachopita hewani. Kinachomlinda mgeni kwenye mtandao ulio wazi ni HTTPS ya tovuti anazozitembelea, na siku hizi tovuti nyingi sana zinaitumia. Upo mfumo wa OWE, ulioanza kuthibitishwa na muungano wa Wi-Fi mwaka 2018, unaosimba mawasiliano ya kila kifaa bila ya kuhitaji nywila. Vituo vyenu vikiwa vinaukubali, uwasheni katika hali ya mpito, ili simu mpya zisimbwe na za zamani ziendelee kuingia kama kawaida. Nywila moja iliyobandikwa ukutani, kwa mfumo wa WPA2 uliozoeleka, nayo inasaidia kidogo tu, kwa kuwa kila aliye nayo akinasa mwanzo wa muunganisho wa mwenzake anaweza kuyafumbua mawasiliano yake.

Hatari iliyo karibu zaidi ni mtu kufungua waifai yenye jina kama lenu nje ya maktaba, pamoja na ukurasa wa kuigiza unaomtaka mgeni aingize namba ya siri ya pesa za simu. Bandikeni mezani na mlangoni tangazo kubwa lenye jina kamili la mtandao, anwani ya ukurasa, na maneno haya: "Maktaba haitakuomba kamwe namba ya siri ya pesa za simu, namba ya kitambulisho wala malipo yoyote ili utumie waifai." Na maneno hayo hayo yaandikwe kwenye ukurasa wenyewe, juu ya kisanduku cha vocha. Hii ni sababu nyengine ya kuikataa ile fomu, na naomba uiongeze kwenye hoja za Wakili: wageni wakizoea kuandika namba zao za vitambulisho kwenye ukurasa wenu wa kweli, hawatashituka watakapoombwa na wa uongo.